Kesi Iliyohamia Penye Ukungu

Mama yangu, Hemlata, alipata habari za kifo cha baba yake kutoka kwa mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa akipita Lucknow akitokea Gulabganj. Yule bwana alidhani Mama anajua. Alimpa pole huku akikunjua sari, na Mama akabaki ameshika pindo la ile sari mpaka chai ikapoa. Maiti ilikuwa imekwisha chomwa, na majivu yake yametiwa mtoni.

Watoto wa marehemu walikuwa wawili tu, Mama na mdogo wake Bhuvanesh, ambaye mimi namwita Mjomba. Ukoo wao wa Raizada ulikuwa ukipika manukato pale Gulabganj tangu enzi za wafalme. Mashamba ya mawaridi kando ya mto yalikuwa yao, karakana yenye mitungi ya shaba ilikuwa yao, hata soko lilisimama juu ya ardhi yao. Matanga yalipokwisha Mjomba alitoa wosia uliosema kila kitu ni chake, kwa kuwa binti alishapewa fungu lake siku alipoolewa. Mama akaenda mahakamani.

Mtu asiyeijua Gulabganj angedhani hapo ndipo mambo yalipoanza. Kumbe hapo ndipo yaliposimama. Wakili wa kwanza alirudisha jalada kabla hajalisoma. Wa pili aliugua kila siku ya kesi na kupona jioni yake. Jaji hakuwa mtu mbaya, lakini nyumba aliyoishi ilikuwa ya Mjomba, na maziwa aliyokunywa asubuhi yalitoka kwa ng'ombe wa Mjomba. Mashahidi wa Mama waliitwa na hawakuonekana. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Nilikuwa darasa la nne ilipofunguliwa. Nikamaliza chuo, nikaajiriwa, nayo ilikuwa bado inatajwa na kuahirishwa, kama ndoto ambayo mtu anakimbia humo wala hasogei.

Aliyeitoa pale ni wakili mmoja kijana wa Lucknow, Nishat Kirmani, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito. Alisoma majalada yote, akavua miwani.

"Mama Ketaki," alimwambia Mama, akimwita kwa jina langu, "kule hata upepo ni wa mdogo wako. Hii kesi tuihamishe."

Wakaandika maombi kwa Mahakama Kuu. Mama aliomba kesi iletwe Lucknow. Wakili wa Mjomba akapinga, akasema Lucknow ni kwa wakwe zake Mama, na huko mteja wake ndiye atakayeonewa. Majaji waliwasikiliza wote wawili, kisha wakaipeleka kesi mahali ambapo hakuna aliyepaomba: Bankatwa, mji mdogo ulio mwisho wa reli, pembeni mwa msitu, karibu na mpaka wa Nepal. Nishat alitoka nje akicheka. Alisema hata yeye hajui ni treni ipi inayofika huko.

Tulikwenda mwezi wa kwanza, wakati ukungu umelala juu ya nchi yote ile. Treni ilitembea polepole kama kipofu anayepapasa ukuta. Dirishani hapakuwa na kitu ila weupe, na mara moja moja katika ule weupe walitokea ng'ombe wawili, au mtu aliyebeba miwa begani, au mti mmoja bila shina, kisha wakafutika. Nadhani Mama alilala macho wazi.

Mahakama ya Bankatwa ilikuwa zamani nyumba ya mabwana misitu. Tumbili walitembea juu ya paa, na shahidi akiongea taratibu, alisikika tumbili zaidi yake. Karani, Bwana Chaubey, alikuwa amejifunga shali mpaka masikioni. Alisimama mlangoni akaita majina.

"Raidaza! Hemlata Raidaza na Bhuvanesh Raidaza!"

"Raizada," alisema Mjomba. Alikuwa amevaa koti la sufu nyeupe na kushika mkwaju wa kutembelea wenye kichwa cha fedha. Kwa muda mrefu hakuwa amelitaja jina lake mwenyewe. Siku zote wengine walimtajia.

"Raidaza, Raizada, baridi ni ile ile, mzee. Ingia ukae."

"Nikae wapi?"

Chaubey alimwonyesha benchi. Ndani ya chumba kile lilikuwapo benchi moja tu, na Mama alikuwa ameketi ncha ya huku. Mjomba aliangalia nyuma yake, nadhani akitegemea mtu atokee na kiti. Hakutokea mtu. Akakaa ncha ya kule. Ndivyo walivyokaa pamoja kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, na katikati yao mkwaju na mkoba wa Mama.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye mafua. Aliwatazama wote wawili kama anavyotazama watu waliogombania kisima au mbuzi, akasema hawezi kuanza mpaka kumbukumbu za kesi zifike kutoka Gulabganj. Tukarudi nyumbani.

Safari iliyofuata kumbukumbu zilikuwa zimefika: masanduku ya bati, yamepangwa ukutani, yamefungwa kwa kamba za katani. Jaji aliamuru yafunguliwe. Chaubey alikata kamba, akainua kifuniko cha kwanza, kisha akasimama vile vile ameinama.

Lazima niseme kwamba kule Gulabganj chumba cha kumbukumbu kiko ukuta kwa ukuta na karakana. Kila karatasi ya mji ule imekaa miaka mingi ndani ya mvuke wa mawaridi, wa maua ya mkadi, wa mkilua, na ule mvuke uliompatia babu yangu sifa, wa udongo mkavu uliopikwa mpaka ukatoa harufu ya mvua ya kwanza. Watu wa Gulabganj harufu hiyo hawaisikii. Wamezaliwa ndani yake. Lakini hapa, ndani ya baridi ya Bankatwa, ilitoka kwenye yale masanduku polepole, ikajaza chumba, ikapanda darini. Hata tumbili walinyamaza. Askari wa mlangoni aliingia bila kuitwa. Wakulima waliokuwa wakingoja kesi zao uani wakaja wakasimama dirishani, wametoa blanketi puani. Bwana Chaubey alisema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, kwamba kwao mvua ikianza mama yake alikuwa akiwaita watoto waingie ndani, nao hawaingii.

Jaji mwenye mafua hakusikia kitu. Aliuliza kwa nini kazi imesimama.

Mimi niliwatazama wale wawili kwenye benchi. Mama alikuwa amefumba macho. Mjomba alikuwa amefungua mdomo kidogo, anavuta pumzi kama mtoto aliyetoka kulia. Tangu wazaliwe hawakuwahi kuisikia harufu ya nyumba yao. Ilibidi iletwe mbali, penye miti ambayo haiwajui, ndipo iwafikie. Hakuna aliyemtazama mwenziwe, ila niliona Mjomba amejongea kidogo ili mkwaju usimchome Mama.

Siku hiyo jaji alisoma tu orodha ya mashahidi, akapanga siku nyingine. Tulipofika stesheni tukaambiwa treni imezuiwa na ukungu, haijulikani itafika saa ngapi. Gari la Mjomba nalo halikuweza kwenda. Dereva alisema haoni hata boneti. Kwa hiyo Mjomba aliingia katika chumba kile kile cha abiria tulichokuwamo sisi. Wakili wake alikwenda kutafuta chakula. Nje ilikuwa adhuhuri lakini nuru ilifanana na ya alfajiri, na watu walipita dirishani bila miguu.

Muuza chai aliingia na birika lake. Alimwangalia Mama, akamwangalia Mjomba.

"Mzee, mkeo nimpe yenye tangawizi?"

"Mimi si mkewe," alisema Mama. "Huyu ni mdogo wangu. Na yake usitie sukari."

Mjomba aligeuka. "Nani kakwambia nina sukari?"

"Tangu asubuhi unakunywa maji kama ngamia. Baba alianza hivyo hivyo."

Muuza chai akawamiminia, akatoka. Mjomba alishika kikombe cha udongo kwa mikono miwili, akakaa akitazama mvuke. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Dada, alikuulizia."

"Nani?"

"Baba. Kila mlango ulipofunguliwa. 'Hema, binti yangu, amefika?' Nikamwambia umeshapelekewa habari, uko njiani."

"Ulinipelekea?"

"Hapana."

Mimi nilitamani nitoke, lakini nilihofu nikisogeza kiti yale maneno yatakatika.

"Niliogopa ukifika atachangamka," alisema Mjomba. "Kwamba atakuona, akili imrudie, aulize alichotia sahihi. Siku ile aliniuliza hii karatasi ni ya nini. Nikamwambia ni ya mawaridi ya msimu, ya kununulia mawaridi ya majirani. Akatia sahihi. Alifurahi, dada. Aliniambia mwaka huu tununue mengi."

Sikumwona Mama akilia. Aliweka kikombe chake sakafuni taratibu, kama chombo kilichojaa pomoni.

"Yaseme hayo mbele ya jaji," alisema.

"Nitapoteza nusu."

"Utapoteza nusu."

Treni ilipofika ilitokea ghafla, kubwa na nyeusi, bila sauti ya kutangulia. Mjomba alipanda behewa jingine. Njia nzima Mama alikaa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Nilimwuliza kama anadhani Mjomba atarudi Bankatwa. Alinijibu kwamba hajui; kwamba anamjua Bhuvan wa miaka sita aliyeogopa radi, huyu mwingine hamjui.

Alirudi. Hakuja na koti jeupe, alivaa shali ya kawaida kama Chaubey. Alipopanda kizimbani wakili wake alidhani atathibitisha wosia, kumbe alianza kusimulia ile siku ya sahihi, moja kwa moja, na ile habari ya mlango. Wakili aliruka, akaomba kesi iahirishwe, mteja wake mgonjwa. Jaji alikataa.

"Mzee anaongea vizuri tu," alisema. Kisha akamgeukia Mjomba. "Kuna mtu aliyekulazimisha kusema haya?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Miaka yote hii kule kwenu mbona hukuyasema?"

Mjomba alifikiri. "Kule kwetu, Mheshimiwa, ningeyasema, kila aliyekuwamo chumbani angenisahihisha. Hapa naona mnanisikiliza tu."

Wosia ulitenguliwa kabla ukungu haujaondoka. Mali ikagawanywa nusu kwa nusu. Gulabganj watu walisema Mjomba amerogwa na msitu, wengine wakasema ni ugonjwa wa sukari umempanda kichwani. Wakili wake alijitoa. Nishat, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mapambano ya miaka, alikaa kwenye ngazi za mahakama akala karanga na Chaubey, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

Mama hakushangilia. Aliomba akae peke yake kidogo katika kile chumba chenye masanduku, na Chaubey akamruhusu. Sisi tulingoja uani. Alipotoka alimkuta Mjomba getini anatafuta viatu vyake. Tumbili alikuwa amechukua kimoja. Mama alimsaidia kutafuta. Hawakukipata. Mjomba aliondoka Bankatwa na kiatu kimoja na ndara moja aliyoazimwa na askari.

Watu huniuliza kama Mama amemsamehe. Sijui. Hilo neno sijamsikia akilitamka. Alichukua mashamba ya kando ya mto na kibanda cha wachumaji, Mjomba akabaki na karakana. Mawaridi yakichanua Mama huenda kukaa huko mpaka msimu uishe. Alfajiri, wanawake wakiingia shambani na magunia yao mabegani, Mjomba huja akakaa barazani kwa Mama, akiwa amechelewa kidogo ili asionekane ameharakisha. Yeye hushikilia kwamba maua yachumwe kabla umande haujakauka. Mama hushikilia kwamba umande unaongeza uzito tu na kuharibu mafuta. Hubishana hivyo, sauti zao zikipanda na kushuka juu ya shamba lote, na wachumaji huchuma wanavyojua wenyewe.