Vijana Wawili wa Fundi Kasimiri

Mafundi wa kigeni waliofunga mitambo mipya katika kiwanda cha sabuni pale Morogoro walipomaliza kazi yao na kurudi kwao, walimwachia Kasimiri kabati la chuma lililojaa nyaya. Kabati hilo ndilo lililoendesha kiwanda. Lilijua sufuria kubwa za kuchemshia zikipata moto wa kutosha, likafunga mvuke lenyewe; lilijua zikijaa, likazima pampu. Kazi iliyokuwa ikifanywa na zamu nzima ya watu wenye vipimajoto sasa ilifanywa na swichi za sumaku zilizolia tak, tak, kutwa kucha.

Kasimiri alikuwa mtu wa Matombo, mtu mzima asiye na mtoto. Alimwambia meneja waziwazi kwamba mtambo unaojiendesha ukitegemea mtu mmoja, siku akiugua kiwanda nacho kinalala. Basi akaletewa vijana wawili waliotoka kumaliza chuo cha ufundi Dar es Salaam. Mmoja aliitwa Athanas, mwenyeji wa Songea. Wa pili alikuwa Anselmi, mtoto wa Yuliana wa Mkuyuni.

Aliwafundisha kwa namna yake. Asubuhi alichomoa waya mmoja kwa siri, akafunga kabati, akawaita. "Mtambo unaumwa. Utibuni."

Athanas alitega sikio, akatazama taa, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaweka kidole palepale. Anselmi yeye alianza mwanzo, waya kwa waya, bila haraka, mpaka akaufikia ule uliochomoka. Akaurudisha, kisha akaendelea na zilizobaki.

"Ubovu umeshauona," Kasimiri alimwambia huku akicheka. "Sasa unatafuta nini?"

"Huenda upo mwingine, Fundi."

Ikawa hivyo mwaka mzima. Jioni walikaa watatu kwenye benchi la karakana, wanakula mihogo ya kukaanga, wanabishana juu ya michoro. Kasimiri alizoea kuwasikia wakimwita Fundi hata mbele ya wageni, na nyumbani, peke yake, akajikuta anatabasamu akikumbuka maswali yao.

Mwishoni mwa mwaka sabini na nane vita vya Kagera vikaanza. Viwanda viliombwa kutoa vijana waliopitia mafunzo ya mgambo, na wote wawili walikuwa wameyapitia. Meneja akamwita Kasimiri ofisini, akafunga mlango.

"Ndugu Kasimiri, nimeomba wote wawili wabaki, nimekataliwa. Nimekubaliwa mmoja. Yule ambaye tukimkosa mitambo itasimama. Ni yupi?"

"Mwulize mwingine, Ndugu Meneja."

"Hakuna mwingine anayejua. Wewe ndiye uliyewafundisha."

Kasimiri alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa umeifunika milima ya Uluguru, hata mabonde hayakuonekana. Angeweza kusema lolote. Lakini aliulizwa juu ya kazi, naye akajibu juu ya kazi.

"Athanas," alisema.

Hakutaka Anselmi asikie habari hiyo getini. Alimfuata karakana, akamkuta anafunga nyaya za pampu mpya.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Anselmi, utakwenda vitani. Meneja aliniuliza nani abaki, nikamtaja mwenzako. Nimesema mimi, si mtu mwingine."

Kijana alishusha bisibisi.

"Kwa sababu mimi ni mzito?"

"Kwa sababu yeye ana haraka, na mtambo ukisimama unataka mwenye haraka. Si kwamba hufai."

"Nimeelewa, Fundi." Akaokota bisibisi. "Niache basi nimalize hizi nyaya. Sitaki mtu aje kuanza upya."

Alizimaliza jioni ile. Kasimiri alimshikia taa.

Mvua za masika zilikuwa zimekolea habari ilipofika Mkuyuni. Anselmi alikuwa amezikwa hukohuko mbali, pamoja na wenzake. Hapakuwa na maiti ya kuosha wala kaburi la kupalilia. Kasimiri na Athanas walikwenda matangani, wakakaa na wanaume, wakarudi mjini bila kuthubutu kumkabili mama.

Mama ndiye aliyekuja. Mlinzi alimwita Kasimiri getini, naye akamkuta Yuliana amekaa juu ya jiwe, kajitanda kaniki, miguu imejaa tope la njiani.

"Pole, dada," Kasimiri alisema.

"Nimeshapoa. Wewe ndiye Kasimiri?"

"Ndiye mimi."

"Mwanangu alikuja kuniaga. Akaniambia, fundi wangu hakunificha, aliniambia uso kwa uso. Alikusifu kwa hilo." Alikohoa. "Mimi sikusifu. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Mwanangu alikuwa hafai?"

"Alifaa, dada. Alikuwa mwangalifu kuliko sisi wote. Alikuwa anachelewa tu."

"Hata kuzaliwa alichelewa," Yuliana alisema. "Na kutembea alichelewa. Nami nikamngoja. Ninyi mlishindwa kumngoja?"

Kasimiri alichuchumaa mbele yake pale kwenye tope, akalia kama mtoto, wafanyakazi wa zamu ya mchana wakipita kando wameinamisha vichwa. Yuliana hakumgusa, wala hakuondoka. Walikaa hivyo mpaka lori la kwenda Mkuyuni likapiga honi.

Athanas alikuwa amesimama nyuma ya geti, amesikia yote. Tangu siku ile haraka yake ikamtoka. Alifungua kabati akasimama tu, mikono inaning'inia. Kasimiri alijaribu kumrudisha taratibu, kama mtu anayemfundisha mgonjwa kutembea, lakini baada ya miezi michache kijana akaja na begi lake.

"Nimeomba kazi ya kufundisha kule Songea, Fundi. Kila nikifungua kabati naziona nyaya alizofunga yeye. Zimenyooka mno. Siwezi."

"Nenda, mwanangu," Kasimiri alisema. "Hukufanya kosa lolote kwa kubaki."

Athanas alitikisa kichwa, akampa mkono, akaenda zake.

Kasimiri akabaki na kabati peke yake. Jumapili alizoea kupanda lori hadi Mkuyuni na kipande cha sabuni na kilo ya sukari. Siku nyingine Yuliana alimkaribisha barazani, akataka asimuliwe jinsi Anselmi alivyokuwa akifanya kazi, naye akamsimulia, hata yale aliyokwisha kumsimulia. Siku nyingine mlango haukufunguka. Ilisikika sauti tu kutoka ndani: "Leo siwezi kukuona, kaka. Nenda salama." Basi akaweka mzigo kizingitini, akashuka barabarani kungoja gari.