Papasi Zake, Papasi Wake

Ofisini walimwita Mama Kamusi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kuonyesha. Kazi yake ilikuwa kufasiri vipeperushi vya wakulima na wafugaji: chanjo ya kuku, uwekaji wa samadi, ugonjwa wa kwato. Aliifanya kwa miaka kumi na sita, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumrudishia karatasi kwa kosa la neno. Ndiyo maana barua ile ilipofika aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

Iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Mwandishi alikuwa mjane, mfuga nyuki mwenye mizinga tisa. Alianza kwa kuwajulia hali watu wa ofisini wote, kisha akaingia kwenye lililomsibu. Kipeperushi cha nyuki kilikuwa kimesema hivi: "Nyuki wenye papasi zinazotetemeka ovyo wana ugonjwa. Chukua hatua mapema." Yeye alikagua mizinga yake, akakuta vidudu vyekundu vimeng'ang'ania migongo ya nyuki kadhaa, akaona ndio hao papasi wanaosemwa. Akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe, akanyunyizia mizinga sita kabla dawa haijamwishia. Nyuki wa mizinga yote sita walikufa. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama dawa ilizidi, maana alikuwa ameagiza nyingine, na kwa ile mizinga mitatu iliyobaki angependa kujua atie kiasi gani.

Mama Kamusi alikwenda kabatini akatoa nakala ya kipeperushi. Neno lilikuwa pale pale alipoliweka. Alikumbuka hata siku yenyewe. Alitaka jina la vile viuzi viwili vilivyo kichwani mwa mdudu, anavyogusia na kunusia njia. Wengine huviita pembe, lakini pembe ni za kupigania. Wengine husema sharubu, na sharubu ni za paka. Kijana wa michoro alishauri antena, naye akamjibu kwamba nyuki si redio. Kamusi yake ilimpa papasi, neno fupi, zuri, lililotokana na kupapasa. Kwamba papasi ni pia yule mdudu wa nyufa za nyumba, nduguye kupe, anayeuma watu wakaugua homa, alilijua fika. Aliona sentensi yenyewe itajieleza.

Aliipeleka barua kwa mkuu wa idara, mtu mpole aliyeogopa karatasi kuliko laana ya wazazi. Mkuu alisoma, akavua miwani, akasema kosa halipo. Wameandika papasi zinazotetemeka, hawakuandika papasi wanaotetemeka. Papasi mdudu angekuwa na ngeli ya viumbe. "Sarufi iko upande wetu," alisema. Akaagiza barua ya mjane ipelekwe kwanza kwa mwanasheria, na mpaka atakapotoa maoni yake mtu yeyote asijibu chochote kwa niaba ya ofisi.

"Na dawa aliyoagiza ikifika kabla ya maoni?" Mama Kamusi aliuliza.

Mkuu alisema mambo ya ofisi yana ngazi zake.

Barua haikuwa na namba ya simu, ila jina la kijiji tu. Ilikuwa imeandikwa Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mama Kamusi alirudi mezani kwake, akajaribu kufasiri ukurasa wa minyoo ya mbuzi, na kila sentensi aliyoandika aliiona ina mlango wa nyuma. Jioni alimweleza mumewe. Mumewe alisikiliza hadi mwisho, akasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini ndoo iliyobaki waweza kuishika. Asubuhi yake Mama Kamusi hakwenda kazini. Alipanda basi la kwanza, akashuka mwisho wa lami, akaulizia njia kwa watu watatu, akatembea kilomita nne na viatu vya ofisini.

Alimkuta mjane uani, amejifunga kitambaa kichwani, pampu ya kunyunyizia dawa iko miguuni pake. Chupa mpya ilikuwa bado na kizibo. Mama Kamusi alisahau hata kubisha hodi.

"Usitie, mama," alisema. "Nakuomba usitie. Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi."

Mjane alimtazama kuanzia viatu hadi usoni, akamvutia kigoda, akamletea maji kwanza. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, asiye na haraka. Maji yalipokwisha ndipo alipomruhusu aseme. Mama Kamusi alieleza yote bila kujitetea: neno lina maana mbili, yeye alikusudia moja na msomaji akapata nyingine, na kosa ni la aliyeandika. Alipofika kwenye sarufi alisita, lakini akaona aimalize, akamwambia kuhusu zinazotetemeka na wanaotetemeka.

"Hiyo niliiona, mwanangu," mjane alisema. "Nilidhani aliyeandika hajui kunyoosha ngeli. Nikamsahihisha kichwani."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomchoma Mama Kamusi kuliko tusi. Machozi yalimtoka. Mjane alimwacha alie, wala hakumwambia anyamaze. Kisha akamsimulia kwamba kakake mkubwa alikufa kwa homa ya papasi wakati yeye ni msichana, na tangu hapo neno hilo akilisikia hangoji la pili. Mtu aliyewahi kung'atwa na nyoka, alisema, akiguswa na ung'ongo hushtuka.

Walikwenda pamoja kwenye mizinga. Ile sita ilikuwa imefunguliwa na kusafishwa, imeegemezwa ukutani, mitupu. Kwenye mmoja wa mitatu iliyobaki mjane alisogeza mkono taratibu, na nyuki mmoja akampanda kidoleni. Mama Kamusi, ambaye alikuwa ameandika kurasa nane juu ya nyuki bila kumkaribia hata mmoja, aliinama akaona vile viuzi viwili vikiinuka, vikishuka, vikigusa ngozi ya kidole hapa na pale.

"Hivi ndivyo nilivyotaka kuvisema," alisema. "Ninyi mnaviitaje?"

Mjane alifikiri. Alisema kwao hapakuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuvitaja. "Lakini si unaona anapapasa? Basi hivyo ni vya kupapasia. Vipapasio."

Neno hilo lilikuwemo kwenye kamusi ile ile, mstari wa pili. Mama Kamusi alikuwa amelipita kwa sababu ni refu.

Jumatatu aliandika mambo mawili: waraka wa masahihisho kwa vituo vyote vilivyogawiwa kipeperushi, na barua kwa mjane ya kukiri kosa, akaitia sahihi yake mwenyewe. Mkuu wa idara alimpa onyo la maandishi kwa utoro na kwa kuruka ngazi. Alilipokea kwa mikono miwili. Wiki ile ile vituo viwili vilijibu kwamba hata kwao watu walikuwa wameanza kuulizia dawa ya kupe kwa ajili ya nyuki, na mkuu hakulitaja tena lile onyo, ingawa hakulifuta. Kuhusu mizinga sita, ofisi haikutoa kitu. Mama Kamusi na mumewe walimpelekea mjane mbao, na fundi seremala wa mtaani kwao akapiga mizinga minne mipya. Msimu wa maua uliofuata makundi mawili ya nyuki yaliingia yenyewe. Mizinga miwili ikakaa mitupu.

Tangu hapo hakuna kipeperushi cha nyuki kinachochapishwa kabla mjane hajakisoma. Mara ya kwanza alirudisha rasimu kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija mjini. Vipapasio alikuwa ameviacha vilivyo. Lakini ukurasa wa tatu, palipoandikwa kwamba malkia wa nyuki hutaga akiwa chumbani mwake, alikuwa amepiga mstari na kuandika pembeni kwa mwandiko wake ule ule: "Chumba gani? Hutaga akizunguka masegani. Atafutwe mwandishi aje aone."

Mama Kamusi aliangalia kalenda, akaomba ruhusa ya Ijumaa, safari hii kwa maandishi.