Ndiyo, Wifi

Kitu cha kwanza alichokigundua Vestine hakikuwa kilio. Kilikuwa kimlio kidogo, ta, kama wa ulimi unaobanduka kwenye kaakaa, kila mtoto alipovuta ziwa mara mbili tatu. Maziwa yalikuja kwa kasi ya bomba lililopasuka. Mtoto alimeza mbiombio, akashindwa, akaachia kidogo, ta, akameza hewa, akashika tena. Aliposhiba, hewa nayo ilikuwa imeshashuka tumboni pamoja na maziwa. Hapo ndipo kilio kilipoanza.

Hakumwambia mtu. Vestine hakuwa na tabia ya kuwaambia watu mambo. Katika nyumba ile kuukuu ya mtaa wa Bertrams, Johannesburg, iliyogawanywa vyumba kwa mbao nyembamba na mapazia, sauti yake ndiyo iliyosikika kidogo kuliko zote. Akiulizwa jambo alijibu ndiyo. Alikuwa amejifunza zamani, tangu Burundi, kwamba ukisema ndiyo swali linakwisha na mwenye kuuliza anaondoka.

Jumamosi hiyo mtoto alianza kulia kabla jua halijafika dirishani. Aliitwa Adamu, alikuwa na wiki tatu duniani, na tayari alikuwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Alivuta magoti hadi tumboni, akakaza ngumi, akajikunja. Vestine alimlaza kifudifudi juu ya mkono wake wa kushoto, shavu kwenye kiwiko, miguu ikining'inia huku na huku, akawa anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Alimgonga mgongoni kwa ncha za vidole. Vilikuwa vidole vya msusi, vilivyozoea vichwa vya watoto wanaolia huku wakisukwa, na vilijua kutuliza bila kuharakisha. Mtoto hakubeua. Akamlaza chali, akaikunja miguu yake mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeendesha baiskeli. Akachovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakijaribu kwanza shavuni mwake, kisha akakitandika juu ya lile tumbo gumu. Mtoto akashuta. Akanyamaza na kutumbua macho, kana kwamba naye ameshangaa. Halafu akaanza upya.

Ulipofika wakati wa kumnyonyesha tena, mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Wifi yake alikuwa amemfundisha kumwinamia mtoto, ziwa lishuke lenyewe. Safari hii hakuweza. Akaegemea ukuta hadi akawa karibu kulala, akamlaza mtoto kifuani kwake, tumbo juu ya tumbo, na maziwa yakalazimika kupanda. Akatega sikio. Mtoto alinyonya taratibu, akapumzika, akanyonya. Kile kimlio hakikuja. Vestine alicheka peke yake bila kutoa sauti, akiwa ameziba mdomo ili asimshtue.

Lakini hewa ya asubuhi ilikuwa bado imo tumboni, na mtoto alipomaliza akapiga yowe lililosikika hadi jikoni. Fauzia akaja.

Fauzia alikuwa dada yake Mussa, mume wa Vestine. Watu wa Tanga wote wawili, ila Fauzia ndiye aliyetangulia kufika Johannesburg, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kila mlango. Kila siku alikaanga sambusa na kuziuza mbele ya spaza, kile kiduka cha pembeni. Aliingia akijifuta unga mikononi.

"Bado tu?"

"Ndiyo, wifi."

"Mie nilisema ni chango. Dawa ya chango nimempa, haikufanya kitu. Sasa nataka nikuulize, na unitazame." Nje watu walikuwa wameanza kuelekea uwanjani wakipuliza vuvuzela, na mtoto naye hakuwaachia nafasi. "Hivi weye, mtoto huyu umembemenda?"

Vestine alisikia mwanzo wa neno, mwisho wake ukamezwa na kelele. Umembe... Kiswahili chake alikiokota kwenye viti vya wasusi, kwa Wakongo, Wakenya na Watanzania, kila mmoja na chake, akazoea kuchukua nusu ya neno na kujazia nusu iliyobaki mwenyewe.

"Ndiyo, wifi."

Fauzia aliacha kujifuta mikono. "Ndiyo?"

"Ndiyo. Tangu azaliwe." Na kwa kuwa angalau mara moja alikuwa ameulizwa juu ya kitu alichokifanya vizuri, Vestine akaongeza maneno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Kila siku. Hata usiku. Nikichoka napumzika kidogo, halafu naanza tena."

"Na nani?"

"Peke yangu. Lakini Mussa akiwa kazini, baba Sagesse ananisaidia. Yeye anajua sana. Ana mikono mizuri."

Baba Sagesse ni Octave, fundi viatu Mkongo wa chumba cha pili. Mara chache Vestine akifua, Octave alimchukua mtoto na kumtembeza ukumbini, huku akimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti nzito.

Fauzia alimpokonya mtoto kama mtu anayeokoa nguo kwenye moto, akatoka naye, na kutoka ukumbini Vestine akamsikia akiongea kwenye simu. Halafu kichwa chake kikatokea tena kwenye pazia.

"Usimguse tena mtoto huyu."

"Nimefanya nini, wifi?"

"Umeshasema mwenyewe."

*

Mussa alikuwa akilinda magari ya watu kwenye maduka ya Randburg. Alirudi mchana, kizibao chake cha njano kikiwa bado mwilini, akakaa kwenye meza ya jikoni bila kumtazama mkewe. Fauzia alisimama karibu na jiko, mtoto akimlilia begani kwa sauti iliyokwisha kukauka. Mlangoni alikuwa Clémentine, mke wa Octave, aliyeitwa aje asikie. Nyuma yake alisimama Octave mwenyewe, nyundo ya kazi bado mkononi.

"Ulimwambia dada, kwa mdomo wako?" Mussa aliuliza.

"Ndiyo."

"Kwamba umembemenda mwanangu?"

Safari hii alilisikia lote. Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulisikia.

"Maana yake nini?" aliuliza.

Fauzia akacheka. "Haya. Mwelezeni bibi harusi."

Mussa alimweleza, akiongea na meza. Mwanamke aliyezaa hulala peke yake. Akilala na mwanamume kabla ya wakati, maziwa yanaharibika, na mtoto anayeyanyonya analia, anakonda, miguu inalegea kama kamba. Huko ndiko kubemenda. Na weye umesema kila siku, akamalizia, na umetaja na jina.

"Nilisikia kubembeleza," Vestine alisema. "Wifi, mimi nilisikia kubembeleza."

"Nyanya unanunua kwa Kiswahili, chenji hukosei. Leo ndio masikio yameziba?" Fauzia akaiga sauti yake, nyembamba, ya kitoto. "'Ana mikono mizuri.' Ehe. Mikono ya kubembeleza."

Mussa naye akacheka. Si kwa furaha, lakini alicheka.

"Miye nilimushika tu mtoto," Octave alisema.

"Wewe nyamaza," Clémentine akamwambia bila kugeuka. Alikuwa akimtazama Vestine. Walikuwa wamesuka pamoja kwenye kiti kimoja, kichwa kimoja, huyu upande huu na yule upande ule. "Nilikupatia nguo za Sagesse, Vestine. Blanketi nilikupatia. Kumbe unafunika mtoto na blanketi yangu, na wewe mwenyewe unajifunika na bwana yangu." Akalifungua lile blanketi mgongoni mwa mtoto, akalikunja mara nne kwa utulivu, akaliweka kwapani. Octave alikwisha ondoka. Nyundo yake ilisikika ikianza tena kazi, kwanza taratibu, kisha kwa haraka.

Fauzia alikuwa ametengeneza maziwa ya kopo kwenye chupa. Akamtia mtoto chuchu ya mpira mdomoni. Mtoto akaitema. Akamtia tena, akimbana mashavu. Mtoto akanywa kwa pupa, akapaliwa, akajikunja na kulia, na kwa kilio hicho maziwa ya Vestine yakaachia yenyewe. Gauni likalowa pande zote mbili, mbele ya watu wote.

"Tazameni," Fauzia alisema. "Inavyomwagika sumu."

"Mnyanyueni kidogo," Vestine alisema. "Wifi, ni hewa tu. Anameza hewa. Mkimweka..."

"Nani amekuuliza?"

"Leo asubuhi nimeegemea hivi, akanyonya vizuri, hakul..."

"Nani amekuuliza, Mrundi? Nenda kakamue chooni. Usiache hata tone kwenye sinki, watu wananawia pale."

Akaenda. Alisimama juu ya sinki lenye ufa na kukamua, kwanza la kulia, kisha la kushoto, na maziwa yakapiga udongo wake mweupe kwa nguvu ile ile iliyokuwa ikimshinda mtoto. Kila alipodhani yamekwisha, Adamu alilia upande wa pili wa ukuta na yakaanza upya. Akafungulia maji. Maji yalikuwa machache. Akalisugua sinki kwa mkono hadi likawa halina hata alama.

Aliporudi, mfuko wake wa plastiki wenye milia ulikuwa juu ya kiti, umeshajazwa. Mtu alikuwa ametia nguo zake bila kuzikunja, na kitana chake cha kusukia kilikuwa kimetoboa upande mmoja.

"Warundi wenzako wako Troyeville," Fauzia alisema. "Si mbali. Utafika kabla ya giza. Kanga hiyo ni yangu, ivue."

Akaivua. Akabaki na gauni lililolowa.

"Na mtoto?"

"Mtoto wa Mussa."

"Atakula nini?"

"Atakula wanachokula wenzake. Si weye wa kwanza kuzaa."

Mussa aliinuka, akaenda dirishani. Barabarani mashabiki walikuwa wamesimama kwenye robot, taa za barabarani, wakiimba, na mmoja wao alikuwa amembeba mwanawe mabegani, mtoto amepakwa rangi usoni. Mussa alimtazama yule mtoto hadi robot ilipowaka kijani.

"Mimi si mtu mbaya," alisema. "Sijakupiga. Wengine wangekupiga. Nataka ukubali tu, mbele ya dada na mbele ya jirani, kwamba ni weye uliyemharibu mtoto, yaishe. Sheikh akiniuliza nijue la kumwambia."

"Sema ndiyo," Fauzia alisema. "Kusema ndiyo hakukushindi."

Clémentine alikuwa bado mlangoni, blanketi kwapani. Wote watatu walingoja. Hawakuwa na haraka. Walikuwa wakimjua Vestine, na walijua neno linalokuja. Hata mtoto alikuwa amechoka kulia, amebaki akikwamakwama begani kwa shangazi yake, kichwa kikiyumba, akitafuta kwa mdomo wazi kitu ambacho hakikuwa upande ule.

Vestine aliushika mfuko. Akauweka chini. Alimtazama mtoto tu, na alipoanza kusema alisema polepole, akilitenga lile neno jipya silabi moja moja ili asikosee tena.

"Aliyembemenda ni baba yake. Mimi kidonda changu cha uzazi kilikuwa bado kibichi. Nilimwambia ngoja, akaniziba mdomo kwa mkono." Akavuta pumzi. "Na wewe, wifi, ulikuwa macho, upande wa pili wa pazia. Ulikohoa."