Mashine ya Mwalimu Wilbrod

Mwaka 1978, chuoni Kibaha, Mwalimu Wilbrod alitufundisha kuandika programu bila kompyuta. Mimi nilimwona kichaa. Alitugawa katika timu, akasema mashine tutakuwa sisi wenyewe: Adamu atajumlisha, mimi Matilda nitagawanya, na Mzee Salehe, karani wa kijiji aliyekuja kusoma uzeeni, atakuwa kumbukumbu. Kazi ya timu yetu ilikuwa kugawa mbegu za mahindi kwa kila kaya ya Mzenga, kule Kisarawe. Ofisa wa mkoa akiridhika, tutaletewa kompyuta ya kweli. Mwalimu alikuwa ameshaiandalia chumba, amekipaka chokaa, na marufuku kuingia na viatu.

Tatizo lilikuwa Mzee Salehe. Kila tulipofuata namba kwake, ilibidi tumwamkie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Naomba idadi ya watu wa kaya ya tatu."

"Na bibi yako, mguu umepona?"

Mpaka jua linazama tulikuwa bado na kaya ile ile. Mwalimu akapiga marufuku salamu. Adamu akaenda mkavu, akadai namba yake.

"Sikumbuki," alisema Mzee Salehe, akatazama pembeni.

"Kumbukumbu haina ruhusa ya kununa," Mwalimu alilalama.

"Basi katafute iliyolelewa na mbuzi, mwalimu."

Tukakaa kikao. Nikapendekeza programu ianze na mstari mpya: wote tumwamkie mzee kwa pamoja, mara moja tu, na habari za nyumbani ziishie hapo hapo. Mwalimu akasema huko ng'ambo alikosoma hakuna mstari wa namna hiyo. Tukamwambia huko hawana Mzee Salehe.

Siku ya ukaguzi tulimwamkia mzee, tukaulizwa hali, kisha namba zikaenda na kurudi bila kugombana. Mzenga ikapata mgao wake wote kabla ya chakula cha mchana. Ofisa alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Mwalimu alifuta machozi, akauliza kompyuta itafika lini.

"Ya nini tena?" Ofisa alimshangaa. "Hii haili umeme. Tujitegemee, ndugu mwalimu."

Moyo uliniuma, maana ushauri wa ile salamu ya pamoja ulikuwa wangu.

Kesho yake lori likaja kutuchukua. Kijiji cha Msimbu nacho kilikuwa kimeomba mashine. Tukapanda, Mzee Salehe akapewa kiti cha mbele. Mwalimu Wilbrod alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu pale dereva alipomshusha, kwa adabu kabisa. Alikuwa ametumwa kuchukua mashine tu.