Siku ya Kuwachapa Makapera

Asubuhi hiyo Damonika alimshinda Kleia mbio mara mbili kando ya mto Eurota, huko Sparta, akaenda kutapika nyuma ya mzeituni, akarudi akitaka mbio za tatu.

"Shoga, umekula nini?" Kleia aliuliza huku akihema.

"Jibini la jana."

"Jibini!" Kleia alimwangalia kuanzia kichwani, ambako nywele zilikuwa fupi kama za mvulana, mpaka tumboni. "Na hilo jibini lina baba?"

Damonika alimrushia bonge la tope usoni, na mbio za tatu zikawa za kufukuzana mpaka mtoni.

Alikuwa amenyolewa miezi mitatu nyuma, usiku wa harusi yake, kama anavyonyolewa kila bibi harusi. Ukishanyolewa, mji mzima unajua umeolewa. Umeolewa na nani, mtu mwenye adabu haulizi. Mume anaendelea kulala kambini na wenzake, na akimtamani mkewe huja kwa kunyatia gizani na kuondoka bila kuonekana. Akinaswa, wenzake watamcheka mwaka mzima, maana mwanajeshi asiyeweza kumficha mke ataficha nini mbele ya adui? Ndiyo maana Damonika alimjua mumewe, Lakrates wa kijiji cha Amyklai, kwa sauti, kwa kovu la begani na kwa harufu ya mafuta na moshi. Uso wake mchana aliwahi kuuona kwa mbali tu, ng'ambo ya uwanja wa ngoma.

Naye Lakrates alizoea kumshika mkono wa kushoto gizani na kupapasa sugu zake. Damonika alikuwa mashoto. Mkuki, hatamu, ngumi, vyote kushoto.

Sasa siku arobaini zilikuwa zimepita bila Lakrates kutokea. Mwenzake mmoja alinaswa amening'inia kwenye ukuta wa wakwe zake, nguo imekwama kwenye mtini, na tangu hapo ulinzi wa kambi ulikazwa vibaya sana. Halafu kesho, jua likichomoza, kikosi chao kingeondoka kwenda mpaka wa Argos. Mtu anakwenda vitani, mtoto wake wa kwanza yuko tumboni, na mwenyewe hana habari. Hilo ndilo lililomsumbua Damonika kuliko kichefuchefu.

"Si umtume mjakazi," Kleia alisema wakijikausha juani.

"Nimtume mjakazi akamwambie mlinzi wa lango, mlinzi amwambie mpishi?"

"Basi mwambie mama yake."

"Kleia, habari hii ataisikia kwa kinywa changu."

Damonika alikuwa na mashamba mawili kwa jina lake mwenyewe, farasi watano, na kichwa kigumu kuliko farasi wote watano. Kleia aliacha kubishana naye. Isitoshe, muda ulikuwa umekwenda, na leo ilikuwa siku ambayo mwanamke wa Sparta hachelewi.

Siku hiyo wanaume wenye busara hupita njia za nyuma. Wanawake hukusanyika madhabahuni, hutuma wasichana wenye mbio kuwasaka makapera waliokaribia au kupita miaka thelathini, na kila anayekamatwa huburutwa kuizunguka madhabahu mara tatu. Kila mwanamke ana haki ya kofi moja. Mwishoni kapera huulizwa kama ataoa, hujibu kwamba ataoa, kisha hutimua mbio. Kurudisha kofi ni aibu ambayo haijawahi kumpata mtu, na kulia ni mbaya zaidi.

Kiongozi mwaka huo alikuwa Timasia, mjane mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alishika tawi la mtini na alilitumia bila huruma. Alikuwa pia mama yake Lakrates, lakini yeye na Damonika walisalimiana kama watu waliowahi kuonana sokoni, maana ndivyo inavyotakiwa mpaka siri itakapoisha yenyewe.

Makapera watatu wa kwanza walipita vizuri. Mmoja alikuwa mnene, wanawake wakamwimbia kwamba kitanda chake kinamwogopa. Mwingine alijidai ana homa, akapona kwa kofi la tatu. Walipokwisha kutimka, wasichana wakaja wakipiga vigelegele, wanne mikononi na wanne miguuni, wamembeba mtu.

"Wa Amyklai huyu! Tumemkuta anakuja mwenyewe njia kuu, hana hata wasiwasi!"

Alikuwa Lakrates.

Damonika alimkodolea macho. Mchana kweupe! Alikuwa na madoadoa mekundu puani, na hakuna aliyewahi kumwambia. Alikuwa akiangaza macho huku na huku katikati ya wanawake sitini, anatafuta, na hapo Damonika akaelewa. Mjinga yule alikuwa amejipeleka mwenyewe kukamatwa. Mwaka mzima hakuna mahali mwanajeshi anaweza kumkaribia mkewe mchana isipokuwa hapa, na bei yake ni makofi sitini.

Timasia alimtazama mwanawe. Angeweza kusema, "Huyu ana mke." Lakini siri ingekwisha, na kambini wangemcheka. Akanyanyua tawi.

"Umri wako?"

"Ishirini na tisa, mama."

"Mama yako nani hapa? Na mama yako ana kazi gani huko kwake asikuoze?" Akamchapa la mgongoni, barabara. Wanawake wakashangilia.

Mzunguko wa kwanza, makofi yakamshukia shavu la kushoto. Wa pili, vilevile. Macho yake bado yakitafuta, na wanawake wakaanza kunung'unika kwamba huyu hasikii maumivu. Wa tatu, zamu ya Damonika ikafika. Alivuta kitambaa kilichofunika nywele zake fupi mpaka kwenye nyusi, akasogea, akampiga kwa mkono wa kushoto, shavu la kulia, kofi lililosikika mpaka mtoni.

Lakrates aliganda. Mkono ule aliujua.

Damonika alijifanya anamvuta sikio. "Zabibu zikiiva," alimnong'oneza, "utakuwa baba."

Mambo yaliyofuata yalikuwa hayajawahi kutokea pale. Kapera alianza kucheka. Alicheka huku anaburutwa, alicheka huku anachapwa, na machozi yakamtoka.

"Huyu anafurahia! Mwongezeni!"

"Analia! Mmeona? Tumemliza mtu wa Amyklai!"

"Kimya!" Timasia alipaza sauti. "Wewe kijana, utaoa?"

Jibu ni neno moja, hata mtoto analijua. Lakini furaha ilimzidi Lakrates akili.

"Zabibu zikiiva nitaitwa baba!"

Wanawake walianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Kisha vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kutafuta vitambaa vya walionyolewa karibuni. Vilikuwa vitatu. Wawili walishangaa kama wengine. Wa tatu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Tawi lilimdondoka Timasia mkononi. Mjukuu! Hakuna aliyekuwa amemwambia. Midomo ilimtetemeka, yeye ambaye hakulia hata alipoletewa maiti ya mumewe. Aliinama, akaliokota tawi, akamchapa mwanawe moja la mwisho.

"Hili ni la kunichosha mkono bure," alisema. Halafu akawageukia wanawake sitini. "Jamani, huyu amesema nini?"

Kleia ndiye aliyewahi. "Amesema ataoa, mama."

"Ataoa!" wakaitikia wote. "Tumemsikia, ataoa!"

Wakamwachia akimbie. Timasia alipompita Damonika hakusimama, ila alitoa tini kavu kifuani mwake, akamtia mkononi, zote alizokuwa nazo.

Kesho yake wanawake walipanga mstari barabarani kukiimbia kikosi, maana hapa mtu haagwi kwa kilio. Makapera walijulikana kwa mbali. Kila mmoja alikuwa na shavu la kushoto jekundu, na wenzao wakiwatania.

Lakrates alipita akiangalia mbele kama askari anavyopaswa. Yeye mashavu yake yote mawili yalikuwa mekundu. Alipomkaribia Damonika, aligeuza uso kidogo tu, kiasi cha kumwonyesha shavu la kulia, ambalo lilikuwa na alama ya vidole vitano vya mkono mmoja tu.