Kunguru wa Dirisha la Bi Mwanaisha

Mwaka wa 1996 kiharusi kilimwangusha Bi Mwanaisha jikoni kwake Majengo, mjini Nyeri. Akapooza upande wa kulia, ulimi nao ukafungwa. Mwanawe Hafiz, fundi wa baiskeli, ndiye pekee aliyekuwa amebaki nyumbani, kwa hiyo alimtafuta Wacera, mjane kutoka Ruring'u, awe akimlisha na kumwosha mchana yeye akiwa kazini karibu na soko.

Ili mamake asishinde akitazama ukuta, Hafiz alisimamisha nguzo nje ya dirisha, akapigilia sinia ya bati juu yake, na kila asubuhi kabla ya kutoka akamwaga humo vikombe viwili vya wimbi. Siku ya tatu walikuja chiriku, kisha shomoro, kisha hua wawili. Bi Mwanaisha aliwafuata kwa macho, na mara moja Hafiz akaona ule upande mzima wa mdomo wake ukiinuka. Hilo lilimtosha wiki nzima.

Kunguru wa kwanza alikuja mwezi wa Julai, katika ile baridi ya ukungu isiyoachia mabati yakauke. Alitua ukingoni mwa sinia, akawapa wimbi mgongo, akatazama ndani ya chumba. Kesho yake walikuwa wanne. Kufikia mwisho wa mwezi Hafiz alikuwa akifungua mlango anawakuta kumi na mmoja uani, wamejipanga kimya juu ya ua, wakingoja. Chiriku hawakurudi. Chini ya nguzo kulijaa mavi, manyoya na maganda, na ukuta ukashuka michirizi myeupe.

Bi Mwanaisha naye alikuwa akikonda. Kila jioni Hafiz alimuuliza Wacera kama mama amekula, na kila jioni Wacera alimwonyesha sahani tupu. Hafiz akamshukuru, akalaumu ugonjwa. Jirani mmoja alimwambia kwamba kunguru huijua nyumba yenye msiba kabla ya wenyewe kuujua. Tangu hapo usingizi ulimpungukia Hafiz.

Alifagia uchafu na kumwaga jivu pale chini. Akahamisha nguzo mbali kidogo na ukuta. Akapunguza wimbi hadi nusu kikombe, na mwishowe akaacha kabisa kuweka. Sinia ilikaa tupu siku nne, na bado walikuja. Siku ya tano mmoja alianza kugonga kioo kwa mdomo, taratibu, kama mgeni anayejua kuna watu ndani. Bi Mwanaisha alifumba macho, chozi likamtoka.

Siku hiyo hiyo mteja mmoja, Muthomi, alimpelekea Hafiz baiskeli yake itengenezwe mnyororo. Alikuwa amelisha ndege miaka mingi katika hoteli moja ya watalii msituni, basi Hafiz akamweleza shida yake. Muthomi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza anaweka nini kwenye sinia.

"Kunguru hawezi kuacha jaa la soko aje kungojea wimbi," alisema. "Na sinia tupu hawezi kuingojea hata siku mbili. Kuna mtu anawapa nyama, Hafiz. Anawapa kila siku, saa ile ile."

Hafiz alisema kwamba kwake hakuna wa kutupa nyama. Alipokuwa akisema, akazikumbuka zile sahani tupu. Aliweka koleo chini, akaacha mnyororo ukining'inia, akaondoka.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Aliwasikia kunguru kabla hajafika. Akapitia lango la nyuma, akamwona Wacera kando ya nguzo, sahani mkononi, akikwangua wali na nyama iliyosagwa kwa kijiko. Kunguru walikuwa miguuni pake, hawamwogopi.

"Tangu lini?" Hafiz aliuliza.

Wacera hakujaribu kuficha. "Tangu mwezi wa sita. Chakula haishuki. Siku moja alikabwa akageuka rangi, nikajua amekufa mikononi mwangu. Niliogopa ukijua utanifukuza, na niko na watoto watatu. Nilikuwa nampa chai na kijiko, kidogo kidogo."

Hafiz alitazama dirishani. Mamake alikuwa ameelekeza uso nje. Ndipo alipoelewa kwamba siku zote hizo Bi Mwanaisha alikuwa akiona chakula chake kikipitishwa mbele ya kioo na kumwagiwa ndege, naye hana ulimi wa kusema.

Jirani aliwapeleka hospitalini kwa pikapu. Daktari alieleza kwamba koo lilikuwa limepooza upande mmoja. Kama angeletwa mapema, alisema, wangewafundisha namna ya kumlisha uji mzito akiwa ameketishwa. Sasa alikuwa amebaki mifupa, wakamtia mpira wa kulishia puani.

Hafiz aliporudi kuchukua nguo alimkuta Wacera ameshaondoka. Kunguru walikuwapo. Alichukua jembe, akaichimba nguzo mpaka ikaanguka, nao hawakuruka hadi ilipogusa chini. Walirudi siku nne zaidi, wakasimama mahali ilipokuwa.

Bi Mwanaisha alipona kwa kiasi, akaishi miaka miwili. Neno lake la kwanza lilimtoka wodini, wiki ya tatu, Hafiz akiwa amemshika mkono. Lilikuwa zito, lakini Hafiz alilisikia vizuri.

"Njaa," alisema.

Hafiz alimwita muuguzi, kisha akatoka nje akakaa kwenye benchi, asiweze kurudi ndani kwa muda mrefu.