Mkono wa Fusae

Kwa miaka ishirini Wakui Tomekichi alimdanganya binti yake kwamba kidole chake mwenyewe, kile kidogo cha mwisho, kililiwa na mashine ya kiwanda cha bati. Alipotaka hatimaye kumwambia ukweli, mdomo ukawa mzito, basi akaupeleka ukweli huo kwa watengeneza filamu. Upumbavu, lakini ndivyo tulivyo wanaume wa mji huu wa Amagasaki. Kupigana tunaweza kutwa nzima, kuongea na mtoto tunashindwa.

Mwongozaji alitaka filamu ya magenge, yenye damu isiyo na masihara. Wakui, aliyekuwa mtu wa genge hadi binti yake Chizuru alipotimiza miaka mitatu, akampa kisa chake mwenyewe. Mkubwa wao alidai kidole ndipo amwachie atoke gengeni. Wakui akajaribu kujikata, kisu kikamshinda mara mbili, na mkewe Fusae ndiye aliyekichukua akakata. Sasa Fusae ni marehemu, na Chizuru bado humsema mama yake kuwa alikuwa mwoga, mwanamke wa kuitikia tu. Wakui alitaka binti ajue mama yake alikuwa nani. Hakutaka kingine.

Jumapili mchana wakaingia sinema wote wawili. Damu ilimwagika, watu wakabana pumzi. Lakini mke alipokitwaa kisu, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mama, tukatie na figili!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Wakui akainamia magoti yake mpaka taa zilipowaka.

Kwenye mkahawa wa jirani akajikaza. "Yule mke wa kwenye filamu. Yule ni mama yako."

"Baba, acha basi." Chizuru akatoa gazeti mkobani. "Hukusoma hili?"

Mchambuzi, bwana ambaye naapa hajawahi kujikata hata na wembe wa ndevu, aliisifu filamu nzima isipokuwa hapo. Mke kumkata mumewe kidole, aliandika, ni uzushi wa mtunzi aliyeishiwa. Hata paka angecheka. Mji mzima ulikuwa umelisoma, ukaenda sinema umejiandaa kucheka.

"Mama huyu huyu?" Chizuru akasema. "Aliyekuwa hawezi hata kupasua samaki? Si majirani walimcheka miaka yote kwa kununua waliokwisha kukatwa?"

"Kabla ya siku ile alikuwa akipasua. Tena upesi kumshinda muuzaji."

Chizuru akaliweka gazeti mezani. Akautazama mkono wa baba yake ulioshika kikombe, akautazama sana.

"Na mashine?"

"Hakukuwa na mashine."

Uso wa binti ukabadilika, na Wakui, maskini, akafurahi. Alidhani amefika alikokuwa akienda.

"Mama alikaa na jambo hili mpaka anakufa," Chizuru akasema polepole. "Hakumwambia hata dada yake. Wewe ukampeleka sinema, watu wakanunua tiketi kuja kumcheka."

"Nilitaka ujue, mwanangu."

"Mimi? Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pako, Baba! Ungeninong'oneza tu." Machozi yakamshinda. "Nilicheka pamoja nao. Nilimcheka mama yangu."

"Nilikusikia," Wakui akasema.